Mshikamano wa uso wa jiwe: selotepu inapima nini hasa?

Egemea ukuta wa duka kuukuu la mawe mjini Kisumu, kisha uangalie shati lako. Kama mgongo umetoka mweupe kama uliofutia ubao wa chaki, ukuta huo umepoteza mshikamano wa uso: chembe za nje za jiwe au mota (mchanganyiko unaounganisha mawe) hazishikani tena zenyewe kwa zenyewe. Hili si sawa na rangi kubanduka ukutani. Rangi na ukuta ni vitu viwili vilivyoachana, ilhali hapa ni kitu kimoja kinachomong'onyoka.

Wanaotunza majengo ya kale hulinywesha jiwe la namna hii dawa ya kuliimarisha. Inaweza kuwa maji ya chokaa, nanochokaa (chembe ndogo mno za chokaa) iliyo ndani ya alkoholi, au silikati ya ethili, kimiminika kinachoacha silika ndani ya jiwe. Halafu mwenye jengo anauliza: imeshika? Kupapasa kwa kidole hakutoshi, maana fundi ana kidole chake na mwenye kulipa ana chake.

Ndiyo sababu ya jaribio la kubandua utepe. Unakata selotepu ya kipimo kimoja, unaipima kwenye mizani nyeti, unaibandika, unaikandamiza kwa nguvu ileile kila mara, unasubiri muda uleule, unaivuta kwa mwendo na pembe ileile, kisha unaipima tena. Uzito ulioongezeka ndio ukuta uliotoka nao. Ni kazi rahisi, na urahisi huo ndio uliowaponza wengi, kila mmoja akivuta anavyojua. Mwaka 2012 watafiti wa Ucheki na Italia, akiwemo Miloš Drdácký, walichapisha pendekezo la utaratibu mmoja wa kuifanya.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni hili: utepe wa kwanza ni shahidi mbaya. Huo hubeba vumbi la barabarani na chembe zilizokwisha kung'oka zamani. Unatakiwa kurudia palepale, utepe baada ya utepe, mpaka uzito uache kushuka. Tuseme ukuta wa jiwe la majivu ya volkeno huko Nakuru, kabla ya dawa, unatoa miligramu 24, 15, 11, 9, 8, 8. Baada ya dawa unatoa 9, 4, 2, 2, 2. Kutoka 8 hadi 2, hapo dawa imefanya kazi. Sasa tuseme mwingine amepata 9, 8, 8, 8. Akikuonyesha utepe wa kwanza tu atajisifu kwamba ametoka 24 hadi 9, kumbe alichofanya ni kuupiga ukuta brashi. Jiwe lenyewe liko vilevile. Mimi ripoti yenye utepe mmoja kwa kila sehemu siisomi hadi mwisho.

Linganisha pia sehemu iliyotiwa dawa na jirani yake isiyotiwa, siku ileile, ukuta ukiwa mkavu; utepe haushiki vizuri kwenye unyevu, na mvua za jioni za Kisumu hazingoji mtu. Wala usipime kesho yake. Silikati ya ethili huhitaji wiki kadhaa, na chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta kaboni dayoksaidi hewani. Maji ya chokaa ndiyo yanayohitaji subira kuliko yote: lita moja hubeba chini ya gramu 2 za chokaa, kwa hiyo aliyenyunyiza mara tatu hana cha kupima.

(Kuta za Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, ni habari nyingine. Zilijengwa bila mota yoyote, na kinachozisimamisha ni ufundi wa kupanga mawe. Selotepu haina la kusema juu ya hilo.)

Kuna kosa moja ambalo hata utepe uliovutwa vizuri haulioni. Utepe hugusa ngozi tu. Dawa ikiganda juu bila kuzama, tarakimu zitapendeza sana, huku nyuma ya gamba hilo gumu jiwe likiwa bado unga; baadaye gamba zima hubanduka, na hasara inazidi ile ya mwanzo. Ndiyo maana, pale jengo linaporuhusu, hutobolewa tundu jembamba kwa drili maalumu inayopima ukinzani wa jiwe kadiri inavyozama, ionekane dawa imefika milimita ya ngapi.