Taa kufifia sio lazima betri imekufa

Wengi gari ikigoma kuwaka au taa zikififia wanakimbilia betri mpya, kumbe shida ni ethi, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini. Umeme lazima urudi betrini, sasa boliti ikishika kutu njia inabanwa. Ukikanyaga breki halafu indiketa nayo inawaka kinyonge, anza na ethi ya taa za nyuma. Kwa stata, chukua mita weka volti DC, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata, ikizidi volti 0.5 fungua boliti ya ethi, sugua mpaka chuma king'ae, kaza. Kupima omu (ukinzani wa waya) tu usitegemee, waya uliobaki nyuzi mbili tatu bado utasoma mzima.