Maana ya jaribio la kujaza mapengo katika kupima Kiingereza cha watu wazima

Jaribio la kujaza mapengo ni kipimo cha lugha kinachotungwa kwa kuondoa maneno fulani katika kifungu cha habari, kuacha nafasi tupu mahali pa kila neno lililoondolewa, na kumtaka msomaji azijaze nafasi hizo akiongozwa na maneno yaliyobaki. Waliosoma shule ya msingi nchini Kenya wanakifahamu vizuri, kwa sababu maswali 15 ya kwanza katika karatasi ya Kiingereza ya KCPE, yaani mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na vilevile katika karatasi ya Kiswahili, yalikuwa ya namna hii hadi mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tofauti ni kwamba pale mtahiniwa alipewa majibu manne ya kuchagua, ilhali katika jaribio lenyewe la asili hapewi neno lolote na hutakiwa kulitafuta kichwani mwake. Kwa mtu mzima anayejifunza Kiingereza, jaribio hili hutumiwa mara nyingi siku ya kwanza anapojiandikisha darasani, ili mwalimu ajue ampangie kiwango gani. Matokeo yake huandikwa kama alama moja tu, na alama hiyo ndiyo inayohitaji kufafanuliwa, kwa kuwa ndani yake sarufi na ufahamu wa kusoma vimechanganywa bila mtu kuonyeshwa kipi ni kipi.

Kabla ya jaribio hili kubuniwa, watu wazima walipimwa kwa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanzisha mtihani wake wa kwanza wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913, watahiniwa walikuwa watatu tu, walikalia mtihani wa muda wa saa 12 uliojumuisha tafsiri, insha na maswali juu ya sarufi, na wote watatu wakafeli. Sarufi ilihesabiwa kuwa elimu ya kueleza kanuni, hata kama aliyezieleza hakuweza kusoma gazeti kwa raha.

Kujaza mapengo kulizaliwa nje kabisa ya darasa la lugha. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor, mtafiti wa masuala ya uandishi wa habari, alichapisha makala akipendekeza njia ya kupima ugumu wa maandishi: ondoa kila neno la tano, wape watu wajaze, kisha hesabu ni mangapi wamepatia. Maandishi ambayo wasomaji wengi wanaweza kuyarudishia maneno yake ni mepesi, na yanayowashinda ni magumu. Taylor alilipatia jaribio hilo jina la "cloze", linalotokana na dhana ya wanasaikolojia waliosema kwamba jicho la mwanadamu likiona duara lililokatika kidogo, akili hulifunga lenyewe na kuliona zima. Yafaa kukumbuka kwamba aliyekuwa akipimwa hapo hakuwa msomaji. Kipimo kiligeuzwa baadaye, maandishi yakawa mzani na msomaji ndiye akawekwa juu yake, na katika miaka ya 1970 mwanaisimu John Oller alikitetea sana kuwa kinagusa umahiri wote wa lugha kwa pamoja, dai ambalo yeye mwenyewe alikuja kulilegeza.

Njia bora ya kuelewa kinachopimwa ni kukaa na kifungu kimoja na kukichambua pengo kwa pengo. Nimetunga hiki kwa ajili hiyo, nikaacha sentensi ya kwanza nzima kama desturi inavyotaka, kisha nikaondoa kila neno la tano bila kuchagua:

"Amina works at a hotel in Mombasa. She starts work at (1) ____ in the morning and (2) ____ home at two. On (3) ____ she asked her manager (4) ____ a day off because (5) ____ daughter was ill. The (6) ____ agreed, but he asked (7) ____ to find someone who (8) ____ take her place."

Maneno yaliyoondolewa, kwa mpangilio wake, ni "six", "goes", "Friday", "for", "her", "manager", "her" na "could".

Pengo la kwanza na la tatu karibu hayapimi kitu. Hakuna mtu, hata aliyezaliwa London, awezaye kujua kama Amina huanza kazi saa kumi na mbili au saa moja, wala kama aliomba ruhusa Ijumaa au Jumanne. Hata hivyo pengo la kwanza linaweza kumnasa Mswahili kwa namna ambayo mtunzi wa mtihani aliyeko Ulaya hawezi kuiwazia: anayehesabu saa kwa Kiswahili, ambaye kwake mapambazuko ni saa kumi na mbili, anaweza kuandika "twelve in the morning" akiwa na picha sahihi kabisa kichwani. Kosa lake si la sarufi wala si la ufahamu. Ni kosa la saa.

Pengo la pili na la nne ni ya sarufi. Mtu anayeandika "go home" ameshaelewa kwamba Amina anarudi nyumbani; kilichokosekana ni herufi mbili ambazo Kiingereza huzidai nafsi ya tatu umoja, na ambazo mwanafunzi wetu huzisahau kwa sababu katika lugha yake nafsi hubebwa na kiambishi cha mwanzo wa kitenzi, nao mwisho wa kitenzi hauhusiki na nafsi. Katika pengo la nne, Kiswahili husema "alimwomba meneja ruhusa" pasipo neno lolote la kuunganisha ombi na kinachoombwa, kwa hiyo kihusishi "for" hakiwezi kukisiwa kwa kufikiri. Ama umekizoea ama hukukizoea. Msomaji makini anaweza kuikosa nafasi hiyo na bado akaeleza habari nzima bila kuacha hata chembe.

Pengo la sita liko upande wa pili. Kisarufi nafasi hiyo inakubali nomino nyingi mno, kwa kuwa "The daughter agreed" ni sentensi isiyo na dosari. Ili kupata "manager", mtu lazima arudi sentensi iliyotangulia, aulize nani aliombwa na kwa hiyo nani anaweza kukubali, kisha athibitishe jibu lake kwa neno "he" linalofuata. Huku ndiko kusoma: kushikilia watu wawili akilini na kufuatilia nani amemfanyia nani nini.

La tano na la saba ndiyo yenye mafunzo mengi kwa mwalimu wa Waswahili, kwa sababu ndani yake mambo yote mawili yamefungamana. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, na kimilikishi chake hufuata kinachomilikiwa, si jinsi ya mmiliki, ndiyo maana "binti yake" hutosha kwa baba na kwa mama. Mwanafunzi akiandika "he asked him to find someone", sentensi inasimama vizuri kisarufi ikitazamwa peke yake, lakini Amina ametoweka na mtu mwingine ameingia katika hadithi. Je, alipotea njia katika kusoma, au alijua fika kuwa anayeambiwa ni Amina ila akachanganya viwakilishi? Karatasi haiwezi kujibu swali hilo. Mwalimu anaweza kulijibu kwa nusu dakika, kwa kumuuliza kwa Kiswahili: nani aliambiwa atafute mtu wa kushika zamu?

Sasa tuanze kuhesabu neno moja nyuma, tuondoe la nne, la tisa, la kumi na nne na kuendelea. Maneno yanayotoka ni "at", "and", "On", "manager", "because", "The", "asked" na "who". Kifungu ni kilekile, idadi ya mapengo ni ileile, lakini mtihani umekuwa mwingine: umejaa vihusishi na viunganishi, na pengo la "because" linamtaka msomaji atambue kwamba ugonjwa wa mtoto ndio sababu ya ombi. J. Charles Alderson alilionyesha jambo hili mwaka 1979 alipolinganisha majaribio yenye mapengo yaliyoachana kwa idadi tofauti ya maneno, akahitimisha kwamba kubadili idadi hiyo ni kubadili kinachopimwa, na kwamba mapengo mengi hujazwa kwa kutazama maneno machache ya jirani tu. Tangu hapo watunzi wengi wameacha kuhesabu na wameanza kuchagua. Mtihani wa B2 First wa Cambridge, ambao tangu mwaka 2015 umeunganisha usomaji na matumizi ya lugha katika karatasi moja ya dakika 75 yenye maswali 52, una sehemu ya mapengo manane yasiyo na majibu ya kuchagua, na karibu yote ni ya maneno madogo ya kisarufi. Ufahamu wa habari ndefu hupimwa katika sehemu nyingine za karatasi hiyohiyo. Ni uamuzi mzuri kwa maoni yangu, kwa kuwa angalau mtahini anajua amechimba shimo gani.

Usahihishaji nao hubadili maana ya alama. Kuna njia mbili: kukubali neno lilelile lililoondolewa tu, au kukubali lolote linalofaa mahali pake. Njia ya kwanza ni ya haraka na wasahihishaji wawili hawawezi kutofautiana, lakini inamnyima haki aliyeandika "can" mahali pa "could" katika pengo la nane, au "Monday" mahali pa "Friday". Njia ya pili ina haki zaidi na inamtaka msahihishaji mwenye Kiingereza imara.

Hapa pana jambo ambalo watu wazima hawaelezwi. Utafiti wa John Bormuth uliochapishwa mwaka 1968, uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Marekani, ulionyesha kwamba aliyepata asilimia 44 katika mapengo yaliyosahihishwa kwa neno lilelile tu alikuwa sawa na aliyepata asilimia 75 katika maswali ya kawaida ya ufahamu juu ya kifungu hichohicho, na kwamba asilimia 57 ililingana na 90. Takwimu hizo hazihamishiki moja kwa moja kwa Mswahili wa miaka arobaini, lakini zinatosha kuonyesha kwamba mizani hii ina alama zake yenyewe. Mtu mzima aliyelelewa katika shule ambako chini ya 50 ni kufeli huona 44 nyekundu juu ya karatasi yake, akaikunja, na wiki inayofuata haonekani darasani, ingawa pengine alisoma kifungu kile na kukielewa vizuri kuliko alivyodhani.

Wako pia ambao jaribio hili haliwafai kabisa. Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka mashariki mwa Kongo na kupewa makazi Marekani, wamo watu wazima ambao vita iliwanyima shule na ambao kushika kalamu kwenyewe ni somo. Programu za elimu ya watu wazima zinazofadhiliwa na serikali kuu ya nchi hiyo huwapanga wanafunzi wa Kiingereza katika ngazi sita, na ngazi ya chini kabisa imetengwa kwa ajili ya wasiojua au wanaojua kidogo tu kusoma na kuandika. Mitihani ya CASAS, inayotumika sana katika programu hizo, hupima usomaji kwa kumwonyesha mtu matangazo, fomu, ratiba na vibandiko vya dawa, kisha akachagua jibu. Mtu wa namna hiyo akipewa mapengo manane ya kujaza kwa mkono na kurudisha karatasi tupu, haimaanishi kwamba hajui Kiingereza. Huenda anakizungumza sokoni na kazini kila siku.

Aidha, kujaza mapengo hakupimi stamina ya kusoma. IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao hauna karatasi ya sarufi, humpa mtahiniwa dakika 60 kwa maswali 40, na katika baadhi ya maswali hayo humpa muhtasari wenye mapengo yanayojazwa kwa maneno yanayotafutwa ndani ya makala ndefu. Yanafanana na mapengo yetu kwa sura tu. Katika kifungu cha Amina jibu liko katika mazoea ya lugha na katika sentensi ya jirani, ilhali katika muhtasari wa IELTS jibu limeandikwa mahali fulani katika makala na kazi ni kulifikia kabla ya muda kwisha.

Ili kuondoa bahati ya mahali pa kuanzia kuhesabu, Christine Klein-Braley na Ulrich Raatz walibuni nchini Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jaribio linalokata maneno badala ya kuyaondoa. Kuanzia sentensi ya pili, kila neno la pili hupoteza nusu yake ya mwisho, na vifungu vifupi kadhaa hutumika badala ya kimoja: "She sta___ work a_ six i_ the mor____ and go__ home a_ two." Mapengo ni mengi, jibu kwa kawaida ni moja tu, na mjadala wa "can" na "could" unatoweka. Duolingo, kampuni ya kufundisha lugha mtandaoni, hutumia maswali ya aina hii katika mtihani wake wa Kiingereza. Kwa anayesoma Kiingereza kwa jicho lililozoea Kiswahili, ambacho huandikwa kinavyotamkwa, jaribio hili lina mzigo wa ziada wa tahajia, na alama ya chini inaweza kuwa imetokana na kukosa herufi tu, huku sarufi na ufahamu vikiwa salama.