Vyumba Viwili Kando ya Sakristia

Ukitaka kuijua shule ya parokia, anza na daftari la ada. Mimi ndivyo nifanyavyo kila ninapofungua makabati ya kumbukumbu, kwa sababu hapo ndipo unapoona shule ilikuwa ya nani hasa.

Chukua Trastevere, mtaa wa Roma ulio ng'ambo ya mto Tiber. Mwishoni mwa karne ya 16 ulikuwa mtaa wa watu wa hali ya chini, na parokia yake ya Santa Dorotea ilikuwa na kijishule. Mwenye chochote alilipa akasoma. Asiye nacho alishinda barabarani. José de Calasanz, padri kutoka Hispania aliyefika Roma mwaka 1592, alikuwa akiwatembelea maskini majumbani na kuwaona watoto hao. Aliwaendea walimu waliolipwa na mji, wakataka kwanza waongezewe mshahara. Mashirika ya watawa nayo yalikuwa na kazi zao. Mwaka 1597 paroko, Antonio Brendani, akampa vyumba viwili kando ya sakristia, chumba cha kanisa cha kutunzia mavazi ya ibada, na Calasanz akafuta ada.

Kufuta ada peke yake kusingetosha. Mtoto wa kibarua huandikia nini, na juu ya nini? Kwa hiyo karatasi, kalamu za manyoya na wino vilitolewa bure pia. Walifundishwa kusoma, mwandiko na hesabu, yaani vitu vya kumpatia kijana kazi dukani au ofisini, pamoja na katekisimu. Masomo yakiisha, walimu waliwapanga watoto mistari wakawasindikiza hadi makwao. Jambo hilo hunigusa kuliko yote: mwalimu aliufahamu mlango wa kila mtoto.

Krismasi ya 1598 Tiber ulifurika vibaya mno. Shule ikaja kuvuka mto na kuingia katikati ya mji, wanafunzi wakawa mamia. Calasanz mwenyewe alishika ufagio. Siku moja, akitundika kengele ya shule, alianguka akavunjika mguu.

Mwaka 1646 Papa Innocent X alilishusha hadhi shirika la watawa ambalo Calasanz alilianzisha kwa ajili ya shule hizo, kwa sababu ya migogoro ya ndani na fitina. Calasanz alifariki miaka miwili baadaye bila kuona likirudishwa. Lilirejeshewa hadhi yake kamili mwaka 1669, na siku zote hizo madarasa hayakufungwa.