Ngoma mpya za breki kwenye Land Rover ya zamani: yanayosemwa na yalivyo

Land Rover za Series, zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1985, zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne: viatu vya breki, vilivyobandikwa lainingi (tabaka la kusugua), hutanuka na kuibana kwa ndani ngoma inayozunguka na gurudumu. Kwa kawaida gari fupi la inchi 88 (umbali kati ya akseli mbili) lina ngoma za inchi 10, na refu la inchi 109 lina za inchi 11. Hata hivyo pima ngoma iliyopo kabla ya kuagiza, maana gari la umri huu huenda limeshawahi kubadilishiwa akseli. Na usiilaumu ngoma mapema. Makosa mengi inayotwishwa yako kwenye mpira wa mafuta ya breki, oili au marekebisho.

"Handbreki haishiki, basi ngoma za nyuma zimekwisha."

Handbreki ya gari hili haigusi magurudumu ya nyuma hata kidogo. Ina ngoma yake peke yake, nyuma ya gia boksi ndogo, nayo hukamata propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye akseli. Ikiwa haishiki, tazama huko kwanza: mara nyingi sili ya oili ya gia boksi imevuja na lainingi zimelowa.

Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia za katikati ya akseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) huliruhusu lililo hewani lizunguke huku na lililo chini lizunguke kule, ilhali propela shafti imetulia. Gari laweza kuserereka na kuanguka kwenye jeki huku handbreki imevutwa mpaka mwisho. Kwa hiyo weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, weka stendi imara chini ya akseli, ndipo uvue gurudumu.

"Ikigoma kutoka, ipige nyundo."

Ngoma ni chuma cha kusubu, hupasuka. Kinachoizuia kwa kawaida ni ukingo wa kutu kwenye mdomo wake, unaonasa viatu vya breki. Legeza kwanza virekebishi nyuma ya bamba linalobeba viatu ili viatu virudi ndani. Skrubu tatu za kichwa bapa zinazoshikilia ngoma zifungue kwa bisibisi ya kugonga, kwani bisibisi ya mkono huzila vichwa. Ngoma nyingi zina tundu lenye hesi: ingiza humo skrubu, ikaze taratibu, nayo itaisukuma ngoma nje. Nyundo ya mpira inatosha kumalizia, kwa kuzungukia pande zote.

Vumbi la ndani usilipulize kwa hewa wala mdomo. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe, kisha ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

"Mpya ni mpya, itoe kwenye boksi uifunge."

Ngoma mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Isafishe kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha sugua uso wa habu (kitovu cha gurudumu) kwa burashi ya waya. Ganda dogo la kutu likibaki hapo, ngoma hukaa upande na pedali hupiga-piga mguu kila unapofunga breki. Lawama huiangukia ngoma mpya bure. Rangi nayo isipakwe pale ngoma inapokutana na habu na gurudumu. Hujibana kwa joto, nati zikalegea. Zile skrubu tatu kazi yao ni kuishikilia ngoma tu gurudumu likiwa nje. Kinachoibana hasa ni nati za gurudumu.

"Lainingi bado nene, viatu vya zamani vitatosha."

Unene si hoja. Hoja ni mviringo. Viatu vilivyolika ndani ya ngoma iliyopanuka vimechukua mviringo mpana zaidi. Ukivitia kwenye ngoma mpya yenye kipenyo kidogo zaidi, hugusa kwenye ncha tu, katikati pakabaki wazi. Matokeo ni breki inayonasa ghafla, inayopiga kelele, na gari kuvuta upande. Kinyume chake, viatu vipya kwenye ngoma iliyolika hugusa katikati tu: breki ni dhaifu na pedali ni ndefu mpaka vilike vikae sawa. Ndiyo maana ngoma na viatu hubadilishwa pamoja, na kwa pande zote mbili za akseli. Ukikereza ngoma ya zamani badala ya kununua, usivuke kipenyo cha juu kilichoandikwa juu yake au kwenye kitabu cha gari.

Lainingi iliyolowa oili haioshwi kwa petroli wala haichomwi. Oili imeshaingia ndani na joto litairudisha juu. Itupe, na ubadilishe sili ya habu kabla ya kufunga nyingine.

"Pedali imekuwa ndefu, toa hewa."

Kama hukufungua paipu wala silinda, hewa imeingilia wapi? Kanyaga mara mbili kwa haraka. Ikipanda na kuwa ngumu, viatu viko mbali na ngoma; ikibaki kudunda kama springi, hapo ndipo pana hewa.

Kurekebisha: zungusha kirekebishi cha kila kiatu mpaka gurudumu likwame, kanyaga breki kwa nguvu ili viatu vijipange katikati, kaza tena, kisha rudisha mpaka gurudumu lizunguke huru. Nyuma kwenye ngoma za inchi 11 kuna kirekebishi kimoja cha kabari: kaza mpaka gurudumu likwame, kisha rudisha mpaka usikie milio miwili ya "klik".

Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila ngoma bila kuigusa. Moja ikiwaka kuliko nyingine, marekebisho yamebana, silinda yake imekwama, au mpira unaoleta mafuta ya breki umevimba ndani na haurudishi mafuta. Zikiwaka zote nne, angalia kama fimbo ya pedali ina nafasi kidogo kabla ya kusukuma silinda kuu.

Siku za mwanzo funga breki kwa wastani, ukiziacha zipoe katikati. Baada ya kilomita mia mbili hivi, rekebisha upya na ukaze nati tena.