Brauza ikikuomba paswedi kila ukiifungua, paswedi yako haina kosa

Jamani leo naomba niliseme hili kwa wote kwa pamoja maana nimechoka kulirudia kwa mteja mmoja mmoja. Wiki hii tena kaja dada mmoja mhasibu na laptopu yake ya kazi, analalamika imeili inamwomba paswedi kila asubuhi akiwasha mashine. Kabla hajaja kwangu alishabadilisha paswedi, ikaomba tena, akabadilisha tena, ikaomba tena, mpaka simu nayo ikaanza kuomba, tableti ya nyumbani ikaanza kuomba, na mwisho wa yote akaunti ikafungwa kabisa kwa sababu vile vifaa vingine vilikuwa vinaendelea kujaribu paswedi ya zamani. Tatizo lenyewe lilikuwa tiki moja kwenye setingi za brauza. Kuitoa ile tiki ni suala la dakika moja, ila kuirudisha akaunti iliyofungwa ndo kulitula muda.

"Ikiomba paswedi kila saa maana yake paswedi imeharibika, badilisha"

Hii ndo inayoniudhi kuliko zote na ndo ninayoisikia kuliko zote. Paswedi haichakai wala haiishiwi nguvu kwa kutumika sana. Kuna sehemu za kazi mfumo umepangwa paswedi ife baada ya muda fulani, lakini hapo utaambiwa waziwazi kwamba muda wake umeisha weka mpya, haitakuomba ileile halafu ikaikubali. Na hapo kwenye kuikubali ndo pa kupatazama. Ukiandika paswedi na saiti ikakuingiza ndani, basi paswedi yako ni sahihi, imeshathibitishwa na mwenye saiti mwenyewe, sasa unabadilisha nini? Kuombwa paswedi ni jambo moja na kukataliwa paswedi ni jambo lingine kabisa, na watu wanayachanganya kila siku.

Tuende taratibu kidogo. Saiti kwa asili yake haina kumbukumbu, kila ukibonyeza kitu ni kama inakuona kwa mara ya kwanza, na intaneti ya mwanzo ndo ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1994 jamaa mmoja wa Netscape anaitwa Lou Montulli alipoleta wazo la kuki. Kwahiyo ukishalogini saiti inaipa brauza kuki, kijifaili kidogo chenye namba ndefu ya kukutambulisha, na kuanzia hapo brauza inaionyesha ile kuki kila ukifungua ukurasa, paswedi haiulizwi tena. Ni kama ofisi zenye geti la mlinzi, unaonyesha kitambulisho unapewa kadi ya mgeni unavaa shingoni, ukizunguka humo ndani watu wanaangalia kadi tu. Ukiipoteza ile kadi utarudishwa getini kuonyesha kitambulisho upya, na hakuna mtu mwenye akili zake ambaye hapo ataondoka kwenda NIDA kuomba kitambulisho kipya. Kadi ndo imepotea, kitambulisho kipo salama.

Na hapa kuna kitu cha tatu kinachowachanganya watu, ile paswedi uliyoisevu kwenye brauza. Hiyo sio kuki. Paswedi iliyosevwa inakujazia tu pale kwenye kiboksi ili usichape, kuki ndo inakuweka ndani. Unaweza kuwa na paswedi imesevwa vizuri kabisa na bado ukaombwa kulogini kila siku kwa sababu kuki inafutwa, na unaweza ukafuta paswedi zote ulizosevu na bado ukabaki ndani ya akaunti kwa miezi kwa sababu kuki ipo. Mtu akiniambia "brauza imesahau paswedi yangu" huwa namuuliza, kiboksi kimekuja kitupu au kimejazwa tayari? Kikiwa kimejazwa, brauza haijasahau paswedi, iliyopotea ni kuki.

Sasa ukibadilisha paswedi nini kinatokea? Huduma nyingi zinafuta kuki zilizotolewa kabla, yaani kila kifaa kingine kinarudishwa getini, kwahiyo ulikuwa na usumbufu kwenye mashine moja sasa unao kwenye simu, kwenye tableti, kwenye kompyuta ya ofisini. Programu ya imeili kwenye simu inaendelea kugonga na paswedi ya zamani mpaka mfumo unadhani kuna mtu anajaribu kuingia kwa nguvu. Brauza nayo imesevu ya zamani inakujazia ya zamani, unabonyeza bila kuangalia, inakataa, unaamini sasa kweli paswedi ni mbovu, unabadilisha tena. Halafu kibaya zaidi, mtu akibadilisha paswedi mara nyingi anaishia kwenye jina la mtoto na mwaka, mwezi ujao jina lilelile na namba imeongezwa moja. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishasema watu wasilazimishwe kubadili paswedi kila baada ya muda kama hakuna dalili kwamba imevuja. Badilisha ukiona imeingizwa kwenye kifaa usichokijua, ukigundua umeiandika kwenye ukurasa feki, au uliyeachana naye kazini au nyumbani anaijua. Hizo ndo sababu. Kuombwa kila asubuhi sio sababu.

Basi kuki inakwenda wapi? Anza na setingi za brauza yenyewe. Chrome, Edge na Firefox zote zina sehemu ya kufuta kuki na data za saiti kila ukifunga brauza, ipo kwenye faragha na usalama, na kama menyu yako ni ya Kiswahili kuki zimeandikwa vidakuzi. Wengi wameiwasha bila kujua, au fundi wa kwanza aliiwasha akidhani anaongeza usalama. Angalia na kama kuna programu ya kusafisha kompyuta inayojiendesha yenyewe, zile za "ongeza spidi", nyingi zinafuta kuki kama takataka, na mimi kwa kweli ushauri wangu ni kuziondoa kabisa, sijaona mashine iliyokuwa nzito ikawa nyepesi kwa sababu kuki zimefutwa. Kingine ni lile dirisha fiche lenye alama ya kofia na miwani, likifungwa kuki zote za humo zinakufa, ndo kazi yake, na kuna watu wamelizoea wanalitumia muda wote halafu wanalalamika.

Pia weka tiki pale penye "nikumbuke" au "niache ndani" kama ni mashine yako. Kuna kuki zenye tarehe ya mwisho na kuna zinazokufa brauza ikifungwa, na kwenye saiti nyingi hiyo tiki ndo inaamua upewe ipi. Na hata yenye tarehe haidumu milele, Chrome siku hizi haikubali kuki ya zaidi ya siku 400.

Kuna sababu ndogondogo ambazo watu hawazifikirii kabisa. Umesevu alama ya ukurasa wa kulogini wenyewe, kwahiyo kila ukibonyeza unapelekwa kwenye kulogini hata kama ulikuwa bado uko ndani, futa hiyo alama, sevu ukurasa wa ndani. Umefungua linki kutoka Facebook au Instagram kwenye simu, ile inafunguka kwenye brauza ya humohumo ndani ya Facebook ambayo ina kuki zake, haizijui za Chrome yako, bonyeza vile vidoti vitatu uchague kufungua kwenye brauza. Jana uliingia kwa anwani yenye www leo umeandika bila www, kwa baadhi ya saiti hizo ni sehemu mbili tofauti na kuki ya huku haifanyi kazi kule. Diski imejaa kabisa mpaka brauza haina pa kuandika. Na saa ya kompyuta! Dekstopu za zamani ile betri ya duara kwenye mazabodi, CR2032, ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka ya nyuma, saiti zinaanza kutoa onyo la usalama na huingii popote. Na saa ikiruka mbele, brauza inaona kuki zimepitwa na muda inazitupa. Betri hiyo ni bei ndogo sana, na kuna watu wamepiga windo upya kwa sababu yake.

Kama yote hayo yako sawa, tengeneza profaili mpya kwenye brauza hiyohiyo, yaani kama chumba kipya chenye kuki na setingi zake, ingia kwenye saiti, funga, fungua. Ikikukumbuka humo basi kosa lipo kwenye profaili ya zamani au kwenye ekstensheni mojawapo, vile viprogramu vya nyongeza vinavyowekwa kwenye brauza, zima ekstensheni zote uwashe moja moja.

"Futa histori na kila kitu, itatulia"

Ukifuta kila kitu umetupa kadi za saiti zote, kwahiyo leo ulikuwa unaombwa paswedi na saiti moja, kesho utaombwa na zote. Kufuta kuki kunasaidia kwenye hali moja hasa, pale unapologini, inakubali, halafu inakurudisha tena kwenye kulogini, unazunguka hapohapo. Hapo kuki ya hiyo saiti imevurugika. Futa za hiyo saiti peke yake, bonyeza kale kaalama kalikoko kushoto mwa anwani pale juu, ingia kwenye kuki na data za saiti, futa, logini upya. Nyingine ziache.

"Hapo nimeshadukuliwa"

Mara nyingi hapana. Lakini hili silipuuzi kwa sababu hatari ipo upande mwingine ambao watu hawauangalii. Mtu anayeombwa paswedi mara kumi kwa siku anazoea, mkono unachapa wenyewe, siku ikija linki ya ukurasa feki unaofanana na wa imeili yake anaandika paswedi bila hata kusoma anwani. Ndo maana nasisitiza hili tatizo litatuliwe, sio livumiliwe. Na hapa paswedi iliyosevwa inakulinda, kwa sababu brauza inaangalia anwani, haidanganywi na rangi wala nembo. Kama siku zote inakujazia na leo kwenye ukurasa "uleule" haijazi, toa mkono kwenye kibodi, soma anwani herufi kwa herufi kabla hujaandika chochote.

Na wale wanaosema kusevu kwenye brauza ni hatari bora daftari, mimi nasema hivi: kwenye mashine yako mwenyewe yenye kufuli la skrini, sevu, na kila akaunti iwe na paswedi yake tofauti, washa na uthibitishaji wa hatua mbili. Kwenye intaneti kafe au kompyuta ya kuchangia, usisevu kitu chochote hata kama uko haraka.

"Kiboksi ni kiboksi, zote ni paswedi za saiti"

Sio kweli, na hapa watu wanapoteza muda sana. Angalia nani anaomba. Kiboksi kikichomoza juu ya brauza kikiwa kitupu hakina nembo, kinataka jina na paswedi, soma maandishi yake, kwenye maofisi mara nyingi hiyo ni proksi, yaani geti la mtandao wa ofisi, inayokuomba ndo ikuruhusu kutoka kwenda intaneti, inataka paswedi yako ya mtandao wa ofisi na sio ya imeili yako binafsi. Kama umebadilisha paswedi ya ofisi hivi karibuni na Windows ilikuwa imesevu ya zamani, itakuomba bila kuacha mpaka uingie Credential Manager, sehemu ya Windows inapotunza paswedi, uitoe ile ya zamani.

Ubuntu nayo ina yake. Ukiiweka ijilogini yenyewe ikiwaka, ukifungua Chrome inakuomba paswedi ya kufungulia keyring, yaani ile stoo inapotunzwa funguo za paswedi, na hiyo ni paswedi ya kompyuta, Google haihusiki kabisa. Mac vilevile, kinakuja kiboksi kinachotaja keychain, ambayo ndo stoo ya paswedi ya Mac, na Chrome Safe Storage, watu wanaandika paswedi ya Gmail inakataa wanachanganyikiwa, wakati inataka ya Mac, na kama uliiriseti paswedi ya Mac basi keychain inaweza kuwa imebaki na ile ya kabla. Firefox ukiwa umeweka Primary Password, yaani paswedi moja ya kufungia zote ulizosevu, itakuomba hiyo ili ifungue paswedi ulizosevu. Katika hizi zote ungebadilisha paswedi ya imeili mpaka kesho kusingebadilika kitu.

"Saiti ya benki ina matatizo, inanitoa kila baada ya dakika chache"

Inakutoa makusudi na iendelee hivyohivyo. Usitafute njia ya kuizuia.

"Fundi lazima apewe paswedi ndo aweze kutengeneza"

Hapana. Sijui nani alianzisha hili lakini watu wananitumia paswedi zao WhatsApp kabla hata sijauliza tatizo ni nini. Ninachohitaji ni picha ya skrini nzima, kiboksi kionekane na anwani ya juu ionekane, uniambie paswedi ilikubaliwa au ilikataliwa, inatokea kwenye saiti moja au zote, kwenye kifaa kimoja au vyote, na ilianza baada ya kufanya nini. Pakihitajika kulogini utachapa mwenyewe mimi nikiwa nimeangalia pembeni. Na kama ulishamtumia fundi yeyote paswedi yako kwa meseji, basi hapo sasa ndo unabadilisha paswedi.