Maana ya Daraja la Jengo la Kihistoria

Imekuwa kawaida kusikia, hata kwa watu ambao kazi yao ni mipango miji, kwamba jengo fulani la kihistoria "limepoteza daraja lake" kwa sababu paa linavuja, kuta zimeingia nyufa na hakuna anayeishi humo tena. Kauli hiyo huchanganya daraja na hali ya jengo, mambo ambayo wahifadhi huyapima kila moja peke yake, na mara nyingi hutolewa wakati ombi la kubomoa liko mezani.

Daraja ni nafasi ambayo jengo hupewa baada ya kutathminiwa umuhimu wake wa kiusanifu na wa kihistoria, kwa kulilinganisha na mengine ya aina yake. Watathmini hupita mtaa nyumba kwa nyumba, wakapiga picha, wakachunguza umri, mtindo, vifaa vya ujenzi, ufundi na watu au matukio yanayohusiana na jengo, kisha wakalipanga katika ngazi. Uingereza hutumia namba kwa majengo yaliyoko England: daraja I, II* na II, na zaidi ya asilimia 90 ya yaliyoorodheshwa yako katika daraja II. Scotland hutumia herufi A, B na C. Katika mtaa wa Vieux Carré, jijini New Orleans, Marekani, hutumiwa rangi, kuanzia zambarau kwa majengo yenye umuhimu wa kitaifa hadi kahawia kwa yale yanayohesabiwa kuwa hayana umuhimu au yanaharibu sura ya mtaa.

Katika fasili hiyo yote, uzima wa paa haukutajwa, na haukusahauliwa. Kanuni za kuorodhesha majengo huko England husema kwamba hali ya matengenezo kwa kawaida haizingatiwi wakati wa kuamua kama jengo lina umuhimu wa pekee. Mzee akiugua, umri wake haupungui. Tena kuna sababu ya kiutendaji: kama uchakavu ungeshusha daraja, mwenye jengo anayetamani kiwanja kitupu angehitaji tu kuondoa vigae vichache na kusubiri misimu miwili ya mvua. Ndiyo maana sera ya mipango ya huko inaagiza kwamba palipo na ushahidi wa kutelekeza jengo kwa makusudi, uchakavu uliotokana na hilo usitiwe katika hesabu ya uamuzi.

Kinachoweza kushusha daraja ni kupungua kwa uasili, yaani kiasi cha umbo na vifaa vya awali kilichobaki, na hapa ndipo hata wasomaji makini huteleza. Nyumba iliyoporomoka nusu ya dari, lakini ambayo milango yake ya kuchongwa, lipu ya chokaa na mpangilio wa vyumba havijaguswa, ina hali mbaya na uasili mkubwa. Jirani yake iliyopakwa rangi mpya, ikatiwa madirisha ya alumini, sakafu ya vigae vya kisasa na ghorofa ya nyongeza, ina hali nzuri sana, na huenda haina tena kilichoifanya ipewe daraja. Inasikitisha kwamba mara nyingi aliyeharibu zaidi ni yule aliyetumia fedha nyingi kutengeneza. Vieux Carré walilitambua jambo hili hata wakalitengea rangi yake: waridi ni ya jengo lenye umuhimu lililobadilishwa, ambalo likirejeshwa ipasavyo linaweza kupandishwa. Ni kweli kwamba hali mbaya isiposhughulikiwa hatimaye hula uasili wenyewe, kwa kuwa boriti iliyooza ikaanguka haiwi tena boriti ya awali. Lakini hapo kinachopimwa ni kile kilichopotea, wala si ubovu wenyewe.

Daraja pia si kipimo cha ulinzi. Huko England idhini ya kubadili jengo huhitajika kwa madaraja yote matatu, kwa hiyo kusema "ni daraja II tu" hakumpi mtu ruhusa ya kung'oa ngazi. Huko Chicago, Marekani, kwa upande mwingine, rangi nyekundu na ya machungwa, ambazo ndizo za juu katika orodha ya jiji hilo ya majengo ya kihistoria, tangu 2003 huchelewesha kibali cha kubomoa kwa muda usiozidi siku 90, na jengo ambalo halijatangazwa rasmi kuwa la kuhifadhiwa linaweza kubomolewa baada ya hapo.

Anayeona nyufa, basi, aandike kwamba jengo lina hali mbaya na aeleze gharama ya kulitengeneza. Hiyo ni hoja halali na ina mahali pake katika kikao. Anayetaka daraja lishushwe ana kazi nyingine, nayo ni kuonyesha kipi kati ya vile vilivyolipatia jengo daraja hilo hakipo tena.