Kutoona Ishara ya Radikali ya Seleni Hakuthibitishi Kwamba Haipo

Dhana: Rezonansi ya spini ya elektroni (kipimo cha kugundua elektroni zisizo na mwenzi) isipoonyesha ishara, basi radikali ya seleni, yaani molekuli yenye elektroni kama hiyo kwenye atomi ya seleni, haikutokea.

Ukweli: Wanabiokemia wanaoniletea sampuli hurudia dhana hii kuliko nyingine yoyote, na kwa sababu yake matokeo mazuri huachwa bila kuchunguzwa zaidi. Katika radikali hiyo, iitwayo pia selenili, elektroni isiyo na mwenzi hukaa kwenye obiti (eneo la elektroni) ya p ya atomi ya seleni, ambayo nishati yake inakaribiana mno na ile ya obiti jirani. Mfungamano wa spini na obiti (jinsi usumaku wa elektroni unavyoathiriwa na mwendo wake kuzunguka kiini), ambao katika seleni ni zaidi ya mara nne ya ule wa sulfuri, husogeza thamani za g (namba zinazoonyesha mahali ishara inapotokea) mbali na 2.0023 ya elektroni huru na kuiharakisha spini kutulia, hata mstari ukapanuka na kuzama katika kelele za kipimo iwapo sampuli ni myeyusho wa kawaida. Kwa hiyo nasisitiza, wala sitachoka kusisitiza: igandishe sampuli papo hapo kwa nitrojeni ya majimaji, kwenye kelvini 77, na uipime ingali imeganda, kwa maana ikilainika tu radikali huungana mbili mbili kuwa diselenidi, yaani molekuli yenye atomi mbili za seleni zilizofungamana. Anayetaka uhakika kwamba elektroni iko kwenye seleni atumie isotopi ya seleni-77. Miongoni mwa isotopi thabiti, hiyo pekee ndiyo yenye spini ya kiini, nayo hugawa mstari mara mbili. Lakini kwa kuwa ni takriban 7.6% tu ya seleni ya asili, sampuli isiyoongezewa isotopi hiyo haitaonyesha mgawanyiko huo waziwazi.

Dhana: Mistari minne ya DMPO (kemikali inayonasa radikali ili ziweze kupimwa) inathibitisha kuwapo kwa radikali ya hidroksili.

Ukweli: Haithibitishi, kwani zao la DMPO na superoksidi, radikali nyingine ya oksijeni, huvunjika na kutoa mistari ileile. Pima sampuli za ulinganisho kwanza.

Dhana: Glutathioni peroksidesi, kimeng'enya chenye seleni, hufanya kazi kwa kunasa radikali huru.

Ukweli: Kimeng'enya hiki huondoa peroksidi kwa kuhamisha elektroni mbili, selenoli (kundi lake la seleni na hidrojeni) hugeuka kuwa asidi ya seleneniki, kisha glutathioni, molekuli ndogo ya seli, huirejesha, na hakuna hatua inayohitaji radikali. Kutafuta ishara ya radikali katika mzunguko huo ni kupoteza muda wa mashine.

Dhana: Radikali ya selenosisteini (asidi ya amino yenye seleni) ni kali sawa na ya sisteini (yenye sulfuri mahali pa seleni).

Ukweli: Kifungo cha seleni na hidrojeni ni dhaifu kuliko cha sulfuri na hidrojeni, hivyo radikali ya selenosisteini ina nguvu ndogo zaidi ya kunyang'anya hidrojeni kutoka kwa molekuli jirani.